Maji ya Mzee Ratilal

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefungua butiki saa mbili kamili. Nimefuta vumbi kwenye majora ya vitambaa. Nimemwagilia mrehani kwenye ndoo yake mlangoni. Nimetia mafuta kwenye taa ndogo ya chumba cha nyuma, mbele ya picha za miungu ya Mzee Ratilal. Mimi ni Mwislamu, siabudu picha. Mimi nafuta vumbi na natia mafuta, basi. Miaka ishirini na sita sasa. Hakuna mtu mtaa mzima wa Wahindi anayekisia mita ya kitambaa kwa macho kama mimi. Watu wanatoka Gatumba, nje ya mji, kuja kunitazama nikikisia.

Mzee ana miaka themanini na nne. Macho yamekwisha, anaona mwanga tu. Kila asubuhi anapapasa rafu mpaka agonge chombo chake cha shaba. Kidogo, kama kichwa cha mtoto mchanga, kimezibwa mdomo kwa risasi iliyoyeyushwa. Ndani kuna maji ya mto Ganga, mto mtakatifu wa kwao. Baba yake alikuja nayo kabla Mzee hajazaliwa. Si ya kunywa ovyo. Ni ya siku moja tu. Mtu wa dini yao akiwa anakata roho, mwanawe anamtilia maji hayo mdomoni na jani la mrehani, aende salama. Watoto wa Mzee wote wako Kanada. Kwa hiyo mwana ni mimi. Nimemwapia. Mimi nikiapa, nimeapa.

Leo kanihadithia tena ile ya bahari. Zamani za kale miungu na mashetani waliikoroga bahari ya maziwa, mlima ndio mwiko, joka ndio kamba. Kwanza ikatoka sumu. Mungu mmoja akainywa ili dunia isife, akaizuia kooni, asimeze, asiteme, koo likawa buluu. Halafu kikatoka chungu cha maji ya uzima. Akiyanywa mtu, hafi.

Nikasema moyoni, Yasini, hapa kuna kitabu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeanza kitabu changu. Kitakuwa na kuuana kila ukurasa. Nilisoma mpaka la sita tu lakini mwalimu alisema mwandiko wangu unamtisha. Sijaandika bado, kwanza nasimulia, nione watu wanashtuka wapi.

Nimesimulia kwa Bosco kinyozi, pale Mutakura ninakokaa. Watu kumi na mmoja, wawili tu ndio waliokuja kunyolewa. Nikasema: kile chungu hakikupotea. Mfalme mmoja wa kale alikiiba. Wakauana wafalme saba. Kikapanda jahazi, kikashuka Zanzibari, kikabebwa na msafara mpaka Ujiji, kikavuka ziwa. Wadachi walipojenga boma hapa mnadhani walitafuta nini? Kahawa? Walitafuta chungu! Na kiko wapi leo? Nikanyamaza. Mashine ya Bosco ikanyamaza pia.

Nikasema: kiko butiki kwetu. Nyuma. Nakifuta vumbi kila siku kwa mkono huu.

Bosco: "Tonton, apa!" Wote pale wananiita hivyo, yaani mjomba.

Nikaapa. Nilikuwa nimeshapanda juu, ningeshukaje? Nikaongeza na joka la vichwa vitatu, nililiua mwenyewe kwa nondo. Nikasema, mnafikiri kwa nini Mzee wangu hafi?

Walipiga makofi. Seremala mmoja hakupiga. Melkiori, ana karakana ukuta kwa ukuta na Bosco. Mtu mkubwa, mabega kama kabati, unga wa mbao hadi kwenye nyusi. Alisimama mlangoni mpaka nikamaliza. Akaondoka bila neno.

Siku nzuri sana.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuna esansi, magari hayana mafuta, hakuna basi. Nimetembea kwa miguu kutoka Mutakura mpaka butiki na nimewapita vijana wote njiani.

Melkiori kaja saa sita tulipokuwa tunafunga. Mzee alikuwa amelala. Akaniomba kwa heshima, kofia mkononi, kama mjumbe anayekuja kwa mwami, mfalme wa zamani. Anataka kukiona tu.

Nilimwonyesha. Hajawahi mtu kuniomba kitu akiwa amevua kofia.

Akakitazama muda mrefu. Hakukigusa. Akasema, "Kidogo hivi." Nikamwambia nguvu haina kimo.

Alhamisi, 10 Aprili

Melkiori tena, safari hii kwa Bosco. Sasa amesema.

Mkewe, Spesioza, tumbo limejaa maji ya ugonjwa tangu mwezi wa kwanza. Hospitali wamewarudisha nyumbani Gatumba, wamesema wampe anachopenda kula. Hapendi kitu. Melkiori anaomba matone matatu ya maji yale. Amesema atanitengenezea milango ya nyumba yangu yote, na vitanda, mpaka nife. Halafu akajisahihisha, "Lakini we hutakufa, Tonton." Hakuwa anatania.

Hapo ndipo iliponipasa kusema ni uongo. Neno moja. Nilifungua mdomo. Bosco alikuwa nyuma yake na watu wengine watatu.

Nikasema maji hayo hayafanyi kazi mpaka mwezi uwe kamili. Nikasema asubiri mpaka Jumapili. Nilitaka tu nipate siku tatu za kufikiria. Neno lenyewe lilitoka zuri, na mtetemo wa sauti.

Akanishika mikono yote miwili.

Sijala vizuri.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakusubiri.

Mimi nilikuwa msikitini. Alikuja saa saba akamgongea Mzee, akasema, "Tonton Yasini amenituma kuchukua kitu nyuma." Mzee akamfungulia. Kwa jina langu. Jina langu ndilo lililofungua mlango, si nondo, si ufunguo.

Nimerudi, Mzee ananiambia kijana wako kapita, ana adabu sana. Nikaenda nyuma. Rafu ina duara safi katikati ya vumbi.

Nilikaa chini kwenye majora.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi Mzee kapapasa rafu. Mkono ukaenda, ukarudi, ukaenda. Nikasema haraka, nimekipeleka kisuguliwe kwa ndimu, kimeingia kutu. Akasema, "Waambie wasiguse risasi ya mdomo." Nikasema nimewaambia. Akacheka akasema watoto wake wangekisahau hata kilipo.

Uongo umenitoka wenyewe. Sikuutafuta hata.

Nimekwenda kwa Bosco. Karakana imefungwa. Nikawaambia watu pale ukweli wote. Nikasema: sikilizeni, nilidanganya. Hakuna mfalme, hakuna joka, ni maji ya mto tu, ya kumsindikizia mzee wa watu siku yake. Jirani yenu kachukua kitu cha maiti.

Wakaangua kicheko. Bosco akafuta machozi kwa taulo la wateja. "Tonton, sasa watu wameanza kukufuata unataka kuficha! Na we umeyanywa nini? Mbona hauzeeki?"

Nikaapa. Nikaapa kwa mara ya pili wiki hii, mahali pale pale, kwenye kiti kile kile. Kiapo cha uongo walikiamini. Hiki cha kweli wakakipigia makofi.

Jumapili, 13 Aprili

Gatumba. Nusu kwa miguu, nusu nyuma ya baiskeli ya mtu. Mvua. Maji yamekaa tena kwenye nyumba za chini, watu wameweka matofali ya kukanyagia mlangoni. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nitaingia, nitasema rudisha, nitatoka. Nina ujasiri wa kusema.

Nimeingia. Spesioza alikuwa ameketi. Ameketi! Mto mgongoni, bakuli la uji mapajani, amekula nusu. Mwembamba, macho makubwa, na tumbo chini ya kitenge kama si lake. Akanyoosha mikono.

"Huyu njo Tonton? Karibu, Tonton. Mungu akupe maisha marefu. Leo nimekula."

Chombo kilikuwa dirishani. Risasi imechongwa kwa patasi, vizuri, kazi ya fundi. Kijiko juu yake. Anampa vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, anahesabu kama daktari. Yalikuwa yamebaki robo.

Robo ingetosha. Mzee anahitaji kijiko kimoja. Nilikuwa hatua tatu kutoka dirishani.

Nilikunywa chai waliyonipa. Nilisifia uji.

Nje nikamshika Melkiori mkono. Nikamwambia, ni uongo, kaka, niliyatunga yote, yale ni maji ya kumpa mtu anayekufa. Akanitazama bila hasira, kama unavyomtazama mtu aliyekuja kudai kitu chake.

"Tonton, najua nimekukosea, sikuomba vizuri. Lakini umemuona. Umemuona na macho yako anakula. Apana, usiniambie hivyo leo."

Nimerudi kwa miguu njia yote. Mwezi umetoka kabla sijafika, mkubwa, kamili.

Jumatatu, 14 Aprili

Mzee kaanguka. Kati ya meza na mlango. Alikuwa anakwenda kumwagilia mrehani kwa sababu mimi nilichelewa. Mimi, miaka ishirini na sita, sijawahi kuchelewa.

Daktari kaja. Kasema mapafu. Kasema umri. Ameandika dawa na hakunitazama usoni alipokuwa anaandika.

Jumanne, 15 Aprili

Homa. Amekataa hospitali. Anataka kitanda chake, chumba cha nyuma, karibu na taa. Nimelala chini, juu ya jora la kaki.

Jumatano, 16 Aprili

Bintiye kapiga simu kutoka Kanada. Alilia kwanza, kisha akauliza maswali, kisha akalia. Tiketi, viza, siku tano kwa uchache. Akaniuliza, "Tonton, maji yapo?" Nikasema yapo.

Niliweka simu chini nikaitazama, kana kwamba ni yenyewe iliyosema.

Mzee kaamka saa nane mchana akasema wakimaliza kukisugua wakilete, akiweke karibu na kichwa chake. Nikasema kesho. Akasema sawa. Akanihadithia tena ya bahari, kwa pumzi fupi, anakata, anaanza. Alipofika kwa yule wa koo la buluu alilala. Zamani nilikuwa namcheka mungu yule. Naona sasa aliweza kazi ngumu kuliko wote. Mimi sumu yangu niliitema kwa kinyozi, mbele ya watu kumi na mmoja.

Nimejaribu kupiga namba ya Melkiori mara tisa. Imezimwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Kaja mwenyewe. Saa nne asubuhi. Amesimama mlangoni kando ya ndoo ya mrehani, kofia mkononi, kama ile mara ya kwanza. Chombo amekifunga kwenye kitambaa cheupe.

Spesioza amefariki Jumatatu alfajiri. Wamezika Jumanne. Sanduku amelitengeneza mwenyewe, mbao za mninga alizokuwa ameweka za kitanda cha mteja.

Amesema hakulia, hakuvuta pumzi kwa shida. Alitaka kijiko cha mwisho, akapewa, akafumba macho. Mama mkwe wake kasema hajawahi kuona mtu anaondoka vile, kama anayetoka chumba kimoja anaingia kingine.

Yale maji yalifanya kazi yake. Ile ile ambayo yaliletwa kuifanya, kumsindikiza mtu. Nimekaa na hilo siku nzima na sijui niliweke wapi.

Kisha akauliza. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Tonton. Ulisema nisubiri mwezi. Mi nikachukua Ijumaa. Kama ningesubiri ile siku mbili, angepona?"

Nilipokea chombo nikakiweka mezani.

Nikamwambia, apana. Nikamwambia, Melkiori, sikiliza vizuri, ule mwezi niliutunga hapo hapo nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona aibu. Hukukosea kitu. Aliyekosea ni mimi. Nilisema kwa sauti ndogo, bila mikono, bila mtetemo. Sijawahi kusema neno kwa ukweli namna ile.

Akatikisa kichwa taratibu. Akanigusa bega. Yeye ndiye aliyenigusa bega.

"Unanifariji, Tonton. Asante. We ni mtu mzuri."

Akaondoka. Nilimkimbilia mpaka kona ya duka la viatu. Nikamwita. Akageuka akanipungia kofia.

Chombo ni kitupu. Amekiosha kwa sabuni. Kinanukia sabuni.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimeandika hii jioni, butiki imefungwa.

Alfajiri pumzi za Mzee zilibadilika. Kuna sauti ndani kama kitambaa kinachanwa polepole. Jirani, mama wa duka la sufuria, akaja kukaa naye. Nikachukua chombo nikaenda ziwani. Jua lilikuwa linatoka. Niliingia mpaka magotini na suruali yangu ya Ijumaa. Nikakisuuza mara nne ili sabuni itoke. Nikajaza.

Njiani nilikuwa natunga. Kama naandika kukiri, basi nikiri yote. Nilitunga namna nitakavyosema, sauti ipi, maneno gani ya dini yao niliyoyasikia. Ingekuwa kazi yangu nzuri kuliko zote.

Nikapiga magoti. Nikasema, Mzee, chombo chako hiki. Akakipapasa. Vidole vyake vimepima vitambaa miaka sitini, vinajua nyuzi. Vikafika mdomoni. Vikasimama pale palipochongwa.

"Umefungua."

"Nimefungua, Mzee."

"Na nini?"

"Patasi."

Akaachia chombo. Nikaweka mdomoni mwake jani la mrehani nililokuwa nimelichuma. Nikatia kijiko. Mengine yakamwagika kidevuni. Alimeza kwa shida. Akalamba mdomo. Nyusi zikapanda kidogo.

"Inanukia ndagala," alisema.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na mfalme, na jahazi, na sababu saba kwa nini maji matakatifu yakikaa miaka mingi hunukia dagaa. Yote yalifika hapa kooni. Hayakutoka. Yako hapa bado.

Nikasema, "Ndiyo, Mzee. Ni Tanganyika."

Nikasubiri. Taa ilikuwa inawaka. Mama wa sufuria aliacha kupepea.

Mzee akafungua mdomo tena, kama mtoto, akangoja kijiko cha pili. Nikampa. Akataka cha tatu. Nikampa.

Saa tatu na robo.

Sijui kama alinisamehe au alikuwa na kiu tu. Hakuna wa kumuuliza.

Jumapili, 20 Aprili

Wahindi wachache waliobaki mjini wamekuja kumchukua. Wamemchoma kwa desturi yao, jana. Aliyewasha moto ni mtoto wa ndugu, kutoka Kigali. Waliniruhusu nisimame karibu. Kuni zilipungua, na Melkiori akafika na mkokoteni wa mbao. Sijui nani alimwambia. Aliteremsha moja moja bila kunitazama, akapanga kwa mkono wa fundi, zikalala sawa.

Bintiye anafika Jumatatu. Nitamwambia. Nimeapa, lakini sasa naogopa neno hilo, basi niseme tu nitamwambia.

Jumanne, 29 Aprili

Nimefungua saa mbili. Vumbi. Mrehani. Mafuta kwenye taa, bintiye kasema iendelee mpaka auze. Nilimwambia yote siku ile, palepale kwenye mizigo yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Alikunywa?" Nikasema vijiko vitatu. Akaingia ndani, akafunga mlango, na hajalizungumza tena. Chombo kakiacha kwenye rafu.

Asubuhi nakipapasa nikipita. Sijui kwa nini.

Jioni nimepita kwa Bosco, nywele zimekuwa ndefu. Watu sita. Wakasogea, wakaniachia kiti. Ukutani nasikia randa ya Melkiori, inakwenda, inarudi.

Bosco akanifunga shuka shingoni. "Haya Tonton, tulikungoja. Kile chungu kiliishia wapi?"

Nikamwambia anipunguze pembeni, juu aache.